Morisi: kila mtu na meli yake

Naandika haya mwezi mmoja baada ya kurudi. Daftari langu lililowa mvua, kwa hiyo bei nyingine nimezisoma kwenye picha za risiti, na mbili tatu nimekadiria. Nilikaa Morisi (Mauritius) kuanzia Jumatano tarehe 4 hadi Jumatano tarehe 11 Septemba 2024. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, Mmakua wa Masasi, naishi Dar. Kabila nimelitaja mapema makusudi. Nyumbani tunaulizana kabila kwa utani na tumeshasahau kabla chai haijapoa. Kule liliniandama wiki nzima.

Jumatano 4 Septemba: Dar, Nairobi, Plaisance

Tiketi ya kwenda na kurudi kupitia Nairobi ilinigharimu kama shilingi 1,650,000, nayo niliilipia kwa mafungu kupitia wakala, na fedha za kikoba. Nairobi tulicheleweshwa saa tatu na dakika kadhaa bila maelezo, zaidi ya biskuti na maji. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa anarudi kwao Morisi alinigawia nusu ya mkate wake wa achari. Alipojua natoka Tanzania aliuliza kama ni karibu na Msumbiji. Nikamwambia kwetu Masasi ukivuka Ruvuma umeshafika. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema, "Basi utaona watu wako kule." Sikumwelewa.

Kutoka Nairobi ni kama saa nne angani, na saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Kwenye uwanja wa ndege wa Plaisance, uhamiaji waliuliza tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na fedha za matumizi. Chapisha karatasi zote. Simu yangu ilizimika nikiwa kwenye foleni, na zile karatasi ndizo zilizoniokoa.

Teksi hadi Rose Hill, mji nilikopanga chumba, ilikuwa rupia 1,800 baada ya kubishana kutoka 2,500. Rupia moja ilikuwa kama shilingi 58 za kwetu. Dereva aliniangalia kwenye kioo.

"Rodrigues?" akauliza. Ni kisiwa kidogo cha jamhuri hiyo hiyo, mbali huko mashariki, na wakazi wake wengi ni weusi.

"Hapana. Tanzania."

"Aa," akasema. "Afrika."

Nilitaka kumkumbusha kwamba Morisi imo kwenye Umoja wa Afrika kama sisi, lakini ilikuwa saa saba usiku.

*Kwa atakayekwenda:* beba koti. Septemba ni mwisho wa baridi yao, na miji ya juu kama Curepipe ina manyunyu yanayokukumbusha Lushoto. Mimi nilifungasha madira matatu na ndala, nikidhani kisiwa ni joto tu.

Alhamisi 5 Septemba: Port Louis

Rose Hill hadi Port Louis unapanda treni ya mjini, wanaiita Metro. Ni safi, inafika kwa saa yake, na nauli haikufika rupia 50. Kituo cha mwisho kinaitwa Aapravasi Ghat, nami ndiko nilikokuwa nakwenda.

Nitaeleza kidogo kwa wasiojua. Kisiwa hiki hakikuwa na mwenyeji. Waholanzi walifika 1598 wakakuta misitu na ndege aina ya dodo. Wakakipa jina la mwanamfalme wao, dodo akaisha, wao wenyewe wakaondoka 1710. Wafaransa wakaja 1715, Waingereza wakakiteka 1810. Kwa hiyo hakuna mtu pale anayeweza kukuambia "sisi ndio wenye ardhi". Kila mmoja alishuka melini, tofauti ni tarehe na hali aliyoshuka nayo. Kwa ukubwa ni kama Unguja iliyovimba kidogo, na watu wa jamhuri nzima ni milioni 1.2 na ushei, zaidi ya 600 kwa kila kilometa moja ya mraba.

Aapravasi Ghat ni pale waliposhukia vibarua wa mkataba kutoka India. Kundi la kwanza, watu 36, lilikuja na meli iitwayo Atlas tarehe 2 Novemba 1834, utumwa ukiwa unakaribia kufutwa. Waliofuata, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa karibu nusu milioni. Kiingilio ni bure. Pamebaki ngazi za mawe, vyumba vya kuta nene, na sehemu walikolala wakisubiri kugawiwa mashamba ya miwa. Nilikuta bibi mmoja wa makamo amevua viatu anapanda zile ngazi taratibu, mwanawe anampiga picha. Walikuwa wametoka kijiji cha kaskazini. "Bibi yake na bibi yangu alipita hapa," akaniambia, akanitajia mwaka, jina la meli na namba ya uhamiaji ya yule bibi. Namba ameihifadhi kichwani kama sisi tunavyohifadhi namba ya simu ya mama.

Nikavuka kwenda makumbusho ya utumwa, hatua chache tu kutoka pale, ndani ya hospitali ya zamani ya jeshi. Ni mapya, yalifunguliwa 2023. Mwongozo alikuwa kijana mpole anayezungumza Kiingereza taratibu kwa ajili yangu. Nikimkumbuka yule bibi, nilimwuliza: mtu akitaka kujua babu yake mtumwa alitoka wapi, anaangalia wapi?

Akasema kuna madaftari ya watumwa ya enzi za Waingereza. Mtu ameandikwa jina jipya alilopewa, umri, kazi, na asili. Asili yenyewe ni neno moja: Msumbiji, Malagasi, Mhindi, au Krioli yaani mzaliwa wa hapo. Basi. Ukitokea Kilwa, ukitokea Masasi, ukitokea ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wewe ni "Msumbiji".

Hapo ualimu ulinipanda. Nikamsimulia habari za Mfaransa Morice, aliyeandikiana mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776 apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivi. Nafundisha mkataba huo. Wanafunzi wangu hukariri mwaka na idadi, na mimi husahihisha kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kuwauliza wale watu walishukia wapi.

Kijana akanyamaza, kisha akanionyesha picha kwenye simu yake. Mwaka 1846, akasema, mtu mmoja wa ukoo wa Kifaransa wa hapa, Eugène de Froberville, aliwafuata Waafrika waliokuwa wamekombolewa, akawahoji, akawapaka plasta usoni na kutengeneza vinyago vya nyuso zao. Wakati ule vilikuwa Ufaransa, katika ngome ya Blois. Tofauti na madaftari, huyu aliandika majina na makabila, na aliandika pia habari za mila za watu aliowaita "Amakoua".

Nikamwomba arudie. Amakoua.

Kwenye zile picha macho yamefumbwa, maana plasta haiingii machoni. Mmoja ana chale usoni za namna ambayo bado unaziona kwa wazee wa upande wetu, na wengi zaidi ng'ambo ya mto. Nilikaa kwenye benchi nje muda mrefu. Mlinzi alikuja akaniuliza kama naumwa, akaniletea maji.

Chakula cha mchana sokoni: dalpuri mbili kwa rupia 25. Ni chapati laini iliyojazwa dengu za kusaga, ndani unapakwa maharage mapana, mchuzi wa nyanya, achari na pilipili, unakunjiwa kwenye karatasi. Kula ukiwa umesimama na ukiinama mbele, ama sivyo nguo imekwisha. Kinywaji ni alouda, maziwa baridi yenye mbegu za rehani. Watu wa Zanzibar mtasema ni faluda, nanyi mtakuwa mmesema kweli. Jioni nilipita mtaa wa Wachina na kwenye Msikiti wa Ijumaa, vyote katika eneo dogo unaloweza kulizunguka kwa nusu saa.

Ijumaa 6 Septemba: mvua, na pochi iliyomwagwa mezani

Mvua kutwa. Nilifua, nguo hazikukauka.

Mama mwenye nyumba, ambaye alinitaka nimwite tantinn, yaani shangazi, alipika mchuzi wa pweza, akanikaribisha mezani bila kunitoza. Chumba chake kilikuwa rupia 1,300 kwa usiku, na nilikuwa nimeshalipia. Ni mjane, Mkatoliki. Babu yake mmoja Mtamili, bibi mmoja Krioli, yaani wa ukoo wa watumwa wa Kiafrika, na shemeji yake ni Mchina. Nikamwuliza basi yeye anahesabiwa kabila gani. Akacheka, akaenda kuchukua pochi.

"Usisome katiba," akasema. "Soma pesa."

Akazipanga noti moja moja. Ya 25 ina sura ya Moilin Jean Ah-Chuen, Mchina. Ya 50, Joseph Maurice Paturau, ukoo wa Kifaransa. Ya 100, Renganaden Seeneevassen, Mtamili. Ya 200, Abdul Razack Mohamed, Mwislamu. Ya 500, Sookdeo Bissoondoyal, Mhindu. Ya 1,000, Gaëtan Duval, Krioli, ambaye mwaka 1967 aliongoza waliopinga uhuru, wakapata zaidi ya asilimia 40 ya kura. Ya 2,000 hakuwa nayo. Ni ya Seewoosagur Ramgoolam, waziri mkuu wa kwanza, Mhindu. Nikashangaa: siku mbili nimezitumia noti zile bila kujua nilikuwa nabeba sensa mfukoni.

Hata maandishi yake yana ugomvi. Noti zina Kiingereza, Kitamili na Kihindi. Mwaka 1998 zilitolewa mpya zilizotanguliza Kihindi mbele ya Kitamili. Watamili wakaja juu, noti zikaondolewa kwenye mzunguko. Mgeni kama mimi angesema wote ni "Wahindi". Jaribu kusema hivyo pale! Kuna Wahindu wa asili ya Bihar, kuna Watamili, Watelugu, Wamarathi, kila kundi na hekalu lake na sikukuu yake.

Katiba nayo ina mafungu manne tu: Wahindu, Waislamu, Wachina, na "umma wa jumla". Fungu la nne halikuelezwa kwa asili yoyote. Ni yeyote ambaye kwa namna anavyoishi haonekani kuwa katika yale matatu. Humo wamo matajiri wa ukoo wa Kifaransa wenye mashamba ya miwa, na humo humo wamo wajukuu wa waliolima miwa hiyo kwa minyororo. Sensa iliuliza mafungu hayo kwa mara ya mwisho mwaka 1972: Wahindu kama asilimia 52, umma wa jumla 29, Waislamu 16, Wachina 3. Sisi Tanzania tuliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967, tukalisahau kabisa kwenye makaratasi ya serikali. Wao waliacha kuuliza lakini takwimu ya 1972 ikaendelea kufanya kazi: baada ya uchaguzi wa wabunge 62, tume inaweza kuongeza viti hadi 8 kwa walioshindwa, ili jamii iliyopungukiwa ipate mtu, na hesabu inayotumika ni ile ya kabla mimi sijazaliwa. Mgombea alitakiwa kujitaja fungu lake, hadi wengine wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2012 kamati ya haki za binadamu ikawaunga mkono.

"Sasa wewe tantinn?"

"Umma wa jumla," akasema. "Lakini babu yangu Mtamili ninayo karatasi yake." Akaileta: nakala kutoka hifadhi ya taasisi ya Mahatma Gandhi kule Moka, yenye jina la meli, namba, na kijiji. "Bibi Mwafrika hana karatasi. Zamani shuleni walituita *mazambik*. Halikuwa jina zuri." Akaniongezea pweza, kisha akauliza kama kwetu tunapika kwa nazi.

Jumamosi 7 Septemba: Le Morne

Huu mlima uko pembe ya kusini magharibi, umesimama baharini kama ngumi, mita 556. Watumwa waliotoroka walijificha juu yake. Simulizi inasema kwamba utumwa ulipofutwa mwaka 1835 askari walitumwa kuwapa habari, nao wakadhani wanakuja kukamatwa, wakajirusha. Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya taifa. Wamiliki walilipwa fidia zaidi ya pauni milioni 2. Waliokombolewa, zaidi ya 60,000, hawakulipwa, na walilazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana wale wale hadi 1839.

Mabasi matatu, mwendo wa saa mbili na nusu. Konda wa basi la pili alikuwa dada mmoja mkali aliyemkemea kijana kwa kuweka miguu kwenye kiti, nikajisikia niko Mbagala. Njia ya mlimani ni bure. Anza asubuhi sana, na viatu viwe vya kushika; mimi niliishia pale panapoanza kukwea mwamba kwa mikono, nikarudi chini kwenye mnara wa kumbukumbu, penye mawe yaliyochongwa kuwakilisha nchi walikotoka watu. Msumbiji ipo, Madagaska ipo. Nilipata mwanamke anauza nazi za kunywa, nikakaa naye.

Kijijini jioni vijana walikuwa wanapiga sega, muziki wa ngoma wa kisiwa hicho, kwa ajili ya sherehe ya mtu. Kabla ya kuanza waliwasha moto wa majani makavu, wakaupitishia juu ngoma yao, duara la ngozi ya mbuzi wanaloliita *ravann*, wakawa wanaligonga kwa vidole na kusikiliza hadi ngozi ikaze. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Kwetu ngoma haipigwi kabla haijaota moto. Niliwaonyesha video ya ngoma ya harusi ya binamu yangu, wakaipitisha mkono kwa mkono simu ikarudi imejaa mafuta ya samaki.

Kosa langu: basi la mwisho lilikwisha ondoka. Usiamini ratiba ya mtandaoni siku za mwisho wa juma, muulize konda unapokwenda. Familia moja ya Kimarathi yenye pikapu ilinibeba hadi Quatre Bornes, mimi nyuma na watoto wawili tukishikilia sanamu ya udongo ya Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, isianguke. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Ganesh. Baba yao alikataa nauli, akasema nikitaka nilipe, niimbe. Niliimba *Malaika*, beti moja tu ninayoijua vizuri.

Jumapili 8 Septemba: Ganesh mchana, Laval usiku

Mchana watu wa sanamu zile walizipeleka majini kwa ngoma na maua. Niliona moja tu, kando ya mto, nikarudi kulala kwa sababu tantinn alishanionya: usiku tunatembea.

Padri Jacques-Désiré Laval alikufa tarehe 9 Septemba 1864, baada ya miaka mingi ya kuwahudumia waliotoka utumwani. Kila mwaka usiku wa kuamkia siku hiyo kisiwa kinatembea kwenda kaburini kwake Sainte-Croix, kando ya Port Louis. Tulianza Rose Hill saa mbili usiku. Barabara imejaa: bibi na fimbo, wanajeshi wa likizo, mabinti wenye sari. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa kofia ya kiislamu na mkewe. Nilimwuliza tantinn, akasema mtu mwenye shida hachagui mtakatifu. Karibu na mji, kwenye meza ya familia moja, tulipewa chai ya maziwa na bajia za dengu, bure. Mwenye meza aliniuliza, "Rodrigues?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka, na lilinikaa vizuri.

Tulifika baada ya saa sita, tukagusa kioo cha kaburi, tukarudi na basi la asubuhi. Lengelenge mbili kila mguu.

Jumatatu 9 na Jumanne 10

Jumatatu nililala. Jumanne nilichechemea kwenda Pointe aux Sables, na kwenye basi nilikaa na mzee wa miaka sitini na kitu. Aliniuliza natoka wapi, nami nikamrudishia. Akasema, "Mimi si wa hapa. Mimi ni wa Chagos." Alizaliwa Peros Banhos, sehemu ya visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi, akaondolewa na Waingereza akiwa mtoto mwaka 1973 pamoja na wote waliobaki, ili Marekani wapate kambi yao ya kijeshi kwenye kisiwa cha Diego Garcia. Alinitajia meli: Nordvær. Kila mtu kule ana meli iliyomleta, lakini huyu yake ndiyo iliyomwondoa. Wiki chache baada ya mimi kurudi, tarehe 3 Oktoba, Uingereza na Morisi zikatangaza makubaliano ya kurudisha visiwa vile kwa Morisi, isipokuwa kambi itabaki. Nimemfikiria sana. Sikuchukua namba yake.

Jumatano 11 Septemba: kurudi

Hesabu yangu bila tiketi: chumba usiku saba rupia 9,100, teksi mbili 3,500, mabasi na treni hayakufika 900, chakula kama 3,000 kwa sababu tantinn alinilisha mno. Makumbusho na vitu vidogo, 1,000 na kidogo. Hoteli za ufukweni sijui chochote, msiniulize.

Uwanjani nilibakiwa na rupia 1,025. Noti ya Duval nikaitumia kununua kahawa, mkate, na chokoleti za watoto wa darasa. Ah-Chuen yumo ndani ya pasipoti hadi leo, karibu na karatasi niliyoandikiwa na yule kijana wa makumbusho: Blois, saa za kufungua, na namna ya kuomba kuona majina.